Ni 504 ipi mnayoilinganisha na 404?

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nijibu makala mliyoichapa mwishoni mwa wiki iliyopita, ambayo ililinganisha magari mawili yasiyohitaji utambulisho kwa watu wa umri wangu katika Afrika Mashariki, yaani Peugeot 404 na Peugeot 504. Ni jambo la kupendeza kwa gazeti la Kiswahili kutoa ukurasa mzima kwa habari za ufundi wa magari ya zamani, nami sina ugomvi na mwandishi wala na mapenzi yake kwa 404. Ugomvi wangu uko na jedwali lililowekwa katikati ya ukurasa na hukumu zilizotolewa kutokana nalo: kwamba 404 ilikuwa na nguvu zaidi, kwamba 504 ilikuwa laini zaidi barabarani kwa sababu magurudumu yake ya nyuma yalijitegemea, na kwamba mbio za Safari zilikwisha kuamua kati ya magari haya kwa ushindi wa mara nne dhidi ya mara mbili. Kila hukumu ina chembe ya ukweli ndani yake, lakini zote zimejengwa juu ya dhana kwamba 504 ni gari moja. Jina hilo lilibandikwa kwenye saluni, kwenye steshenwagoni, kwenye pikapu na kwenye gari la kifahari la milango miwili, na baadhi yao ni ndugu wa karibu wa 404 kuliko walivyo ndugu wa wenzao wenye jina lile lile. Abiria aliyebanwa kwenye kiti cha nyuma kabisa cha teksi iliyokuwa ikitoka Nairobi kwenda Kisumu hakupanda gari lile ambalo majaji wa Ulaya walilichagua kuwa gari la mwaka 1969, hata kama nembo mbele ya bodi ilikuwa ile ile.

Nianzie kwenye nguvu, maana hapo ndipo tarakimu zinapodanganya kwa urahisi zaidi. Jedwali linaipa 404 nguvu za farasi 96 na 504 nguvu za farasi 82, na msomaji asiye fundi ataondoka akiamini kwamba wahandisi wa Peugeot walifanya kazi miaka minane, tangu 404 ilipotolewa mwaka 1960 hadi 504 ilipozinduliwa Paris mwaka 1968, ili kutoa gari dhaifu kuliko lililotangulia. Tarakimu zote mbili ni za kweli, ila hazikupaswa kukaa katika mstari mmoja. Ile 96 ni ya 404 ya injeksheni, iliyolishwa petroli na pampu ya Kugelfischer ya Kijerumani, nayo ilipimwa kwa kipimo cha SAE cha Kimarekani. Ile 82 ni ya 504 ya kabureta, nayo ilipimwa kwa kipimo cha DIN cha Kijerumani. Kipimo cha SAE kama kilivyotumika miaka ile kiliipima injini ikiwa mezani, imevuliwa mizigo yake mingi, haiendeshi feni wala haizungushi jenereta, na moshi wake haupiti katika bomba la ekzosi la gari lenyewe. Kipimo cha DIN kiliipima injini ikiwa imevaa vifaa vyake kama inavyokaa garini, na kwa sababu hiyo kilitoa tarakimu ndogo zaidi kwa injini ile ile, isiyobadilishwa hata skrubu moja. Viwanda vya Ulaya vilikuwa vikihama kutoka kipimo kimoja kwenda kingine katika miaka hiyo hiyo ambayo 504 iliingia sokoni, na ndiyo maana vitabu vya zamani vya magari haya vinapishana.

Tukizipanga tarakimu ipasavyo, kabureta kwa kabureta na SAE kwa SAE, 404 ya mwaka 1960 ilikuwa na nguvu za farasi 72, ambazo zilipandishwa kidogo kidogo katika miaka iliyofuata, na 504 ya mwanzo ilikuwa na takriban 87. Injeksheni kwa injeksheni, 404 ilifika 96 na 504 ilianzia takriban 103. Baada ya hapo, mwishoni mwa mwaka 1970, 504 ilipewa injini kubwa zaidi ya sentimita za ujazo 1971, ambayo kwa kipimo kigumu cha DIN ilitoa farasi wapatao 93 kwa kabureta na 104 kwa injeksheni. Hakuna njia ya haki ya kulipanga jambo hili ambayo itaifanya 404 iwe na nguvu zaidi.

Hata tarakimu hizo zilizonyooshwa hazimwambii msomaji wa Nairobi, Arusha au Mbeya kila kitu, kwa kuwa zilipimwa mahali palipo chini na penye petroli nzuri. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za mwinuko, kwa sababu hewa inakuwa nyepesi. 504 iliyoondoka Mombasa na farasi wake 82 iliingia Nairobi, palipo na mwinuko wa karibu mita 1,700, ikiwa na farasi wapatao 68, na ilipopanda kuelekea Eldoret kupitia Timboroa, ambako barabara inapita mita 2,700, ilikuwa imebaki na 60 hivi. Ongeza kwamba kwa nchi ambazo petroli yake ilikuwa hafifu viwanda vilitoa injini zenye mbano mdogo ili zisigonge, na utaona kwa nini kijitabu cha mauzo cha Paris hakiwezi kuwa hukumu ya mwisho juu ya gari lililofanya kazi kwetu. Kasi ya juu nayo ni hivyo hivyo. Jedwali limeipa nafasi kubwa, lakini sijui ni wapi kati ya Morogoro na Iringa ambapo dereva wa mwaka 1972 angeweza kuhakiki kilomita 160 kwa saa akabaki na magurudumu manne.

Jambo ambalo makala ingelifaidi zaidi kulisema kuhusu injini ni jinsi zilivyo jamaa wa damu. Injini ya 404 ina silinda nne zenye upana wa milimita 84 na pistoni zinazosafiri milimita 73, na hiyo ndiyo inayotoa sentimita za ujazo 1618. Wahandisi walipotaka injini ya 504 walibakiza upana ule ule wa 84, wakarefusha safari ya pistoni hadi milimita 81, wakapata 1796. Walipotaka zaidi, walibakiza 81 na kupanua silinda hadi 88, wakapata 1971. Zote zimelazwa upande kwa nyuzi 45 ili boneti iwe chini, zote zina kichwa cha aluminiamu, na zote zina silinda za kuchomeka zinazozungukwa na maji, jambo ambalo fundi wa kijijini alilishukuru kuliko tarakimu yoyote ya nguvu, kwa sababu silinda zikilika zinatolewa na kuwekwa nyingine pamoja na pistoni zake bila kupeleka bloku mjini kuchongwa. 404 ilianza na beringi kuu tatu kwenye krenkishafti na ikapata tano mwaka 1965. 504 ilikuwa na tano tangu siku ya kwanza. Zote mbili zina feni inayojiunga na kujitenga yenyewe kwa sumaku ya umeme kulingana na joto la maji, kifaa ambacho wengi wa madereva wetu walikifunga kwa waya ili kizunguke wakati wote, wakidhani wanaisaidia injini, kumbe walikuwa wanapoteza petroli.

Sasa nifike kwenye sehemu ya nyuma ya magari haya, ambayo makala iliipitia kwa sentensi moja na ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo kesi yenyewe. Katika 404 ya saluni magurudumu ya nyuma yameshikwa na ekseli moja nzima, iliyokaa juu ya springi za kuzunguka, na propela imefungwa ndani ya bomba zito linalounganisha giaboksi na difu, yaani kisanduku cha meno kinachogawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma. Ndani ya difu hiyo hamna krauni na pinieni za kawaida, yaani gurudumu kubwa la meno na dogo linaloliendesha. Kuna skurubu nene ya chuma inayozungusha gurudumu la meno la shaba nyeusi, mtindo ambao Peugeot ilikuwa imeushikilia kwa miongo mingi wakati viwanda vingine vingi vya magari madogo vilikuwa vimeuacha. Faida yake ni ukimya na uimara, kwa kuwa meno yanateleza juu ya skurubu badala ya kugongana, na mzigo unagawanyika juu ya eneo pana. Hasara yake ni kwamba difu hii inachagua oili. Oili ya kisasa ya difu za kawaida ina dawa za salfa zilizokusudiwa kulinda chuma dhidi ya chuma, na dawa hizo huila shaba. Difu nyingi za 404 zilizokufa katika nchi hii hazikuuawa na barabara. Ziliuawa na mtu mwenye nia njema na kopo la oili isiyofaa, na kisha lawama ikawekwa juu ya mtindo wenyewe.

504 ya saluni ilibadilisha yote hayo. Difu ilipewa krauni na pinieni, ikafungwa kwenye bodi badala ya kuning'inia pamoja na magurudumu, na kila gurudumu la nyuma likapewa mkono wake uliokaa mshazari, wenye springi na shokapu yake. Matokeo yake ni kwamba gurudumu la kushoto likiingia shimoni, la kulia halipati habari. Kwa kuwa uzito wa difu haurukiruki tena pamoja na tairi, tairi hurudi chini haraka baada ya kila wimbi la barabara ya vumbi, na gari linaendelea kushika njia pale ambapo ekseli nzima ingeanza kuteleza kwa pembeni. Umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma nao uliongezwa kutoka milimita 2650 za 404 hadi 2740, ingawa urefu wa gari zima haukuongezeka sana. Mwandishi wenu yuko sahihi kabisa kwamba gari hili lilikuwa laini kuliko 404. Ninakumbuka wazee wa kazi walivyoshangaa kuona gari la bei ya kawaida likipita juu ya matuta bila kikombe cha chai kumwagika, kama walivyopenda kusema kwa kutia chumvi.

Hata hivyo mtindo huo wa mikono ya mshazari una tabia yake. Gari likiwa na watu wawili au watatu, magurudumu yamesimama wima. Likijazwa watu watano wenye mizigo ya sikukuu na gunia moja la mchele ndani ya buti, sehemu ya nyuma hushuka, na kadiri inavyoshuka ndivyo vichwa vya magurudumu vinavyoegemeana, tairi zikikanyaga kwa ukingo wa ndani. Tairi huisha upande mmoja, na ulaini ule uliosifiwa huanza kupungua kwa sababu springi zimekwisha nafasi ya kucheza. Ekseli nzima ya 404 haina tatizo hilo, kwa kuwa iwe tupu iwe imejaa, magurudumu yake hubaki wima. Wahandisi wa Peugeot walilijua hili vizuri, na ushahidi ni kwamba walipochora 504 ya kubeba mzigo hawakutumia mikono ya mshazari hata kidogo.

Steshenwagoni ya 504, pamoja na ile ya viti safu tatu iliyoitwa Familiale, ilikuwa na ekseli nzima nyuma, iliyobebwa na springi nne za kuzunguka, mbili kila upande. Umbali kati ya ekseli ulikuwa milimita 2900 na urefu wa gari milimita 4800, yaani zaidi ya sentimita 30 kuliko saluni, na breki za nyuma zilikuwa za drami wakati saluni ya mwanzo ilikuwa na diski pande zote nne. Hili ndilo gari ambalo Kenya ililijua kama teksi ya masafa marefu, lililoegeshwa kwenye stendi za Nairobi, Nakuru na Kisumu likingoja kujaza abiria wa saba ndipo liondoke, na ndilo lililowapa watu wa kawaida kasi ambayo basi halikuwa nayo. Kwa tabia yake barabarani, hili si gari jipya lililoiacha 404 nyuma. Ni mrithi wa 404 Familiale, ambayo nayo ilikuwa na ekseli nzima, viti safu tatu, na umbali wa milimita 2840 kati ya ekseli. Aliyewahi kuendesha yote mawili yakiwa yamejaa atakubali kwamba tofauti kubwa aliyoihisi ilikuwa nguvu ya injini mlimani na nafasi ya magoti ya abiria, wala si ulaini wa nyuma.

Pikapu inathibitisha jambo hilo hilo. Kwa miaka mingi baada ya saluni ya 504 kuingia sokoni, kiwanda kiliendelea kuuza pikapu ya 404, kwa kuwa hapakuwa na sababu ya kuharakisha, na pikapu ya 504 haikutoka hadi mwaka 1979. Ilipotoka ilikuwa na ekseli nzima, na ilipakia zaidi ya tani moja. Pikapu za majina yote mawili zilijengewa bodi za abiria nyuma zikawa matatu, na sidhani kama kuna abiria aliyeweza kueleza kwa kuhisi tu ni ipi aliyokuwa ameipanda. Hata saluni yenyewe haikubaki ile ile, kwa kuwa mwaka 1973 lilitolewa toleo la bei nafuu, 504 L, lenye injini ya 1796 na ekseli nzima nyuma, lililokusudiwa mnunuzi ambaye hapo awali angenunua 404. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na saluni mbili za 504 uani kwake, zenye bodi moja na rangi moja, na moja kati yake ikawa na jibu la mwandishi wenu na nyingine ikawa na jibu tofauti kabisa. Kuinama na kuchungulia chini ya gari kungemaliza ubishi.

Kuhusu Safari, hesabu ya nne kwa mbili ni sahihi. 404 ilishinda mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968, na 504 ikashinda mwaka 1975 na 1978. Heshima ya 404 katika mbio hizo haipunguzwi na mtu yeyote. Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka na 7 tu yakafika mwisho, na lililoongoza lilikuwa 404 ya Nick Nowicki na Paddy Cliff. Mwaka 1968 mvua na tope vilirudia adhabu hiyo hiyo, yakafika tena magari 7, na walioshinda walikuwa Nowicki na Cliff wale wale. Kati ya miaka hiyo Bert Shankland, aliyekuwa mkazi wa Tanzania, alishinda mara mbili mfululizo. Ushindi huo ulipatikana na madereva wa hapa, wanaojua tope letu, wakiwa na magari ambayo mteja angeweza kuona ndugu zake dukani.

Ushindi wa 504 ulikuja katika mbio za aina nyingine. Tangu mwaka 1973 Safari ilihesabiwa katika ubingwa wa dunia, na viwanda vilikuwa vikileta magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya mashindano tu. Mwaka 1975 alishinda Ove Andersson wa Sweden, akiwa na Arne Hertz katika 504 ya saluni, na waliofika nyuma yao walikuwa Sandro Munari na Björn Waldegård, kila mmoja katika Lancia Stratos, gari dogo la viti viwili lenye injini ya Ferrari ya silinda sita iliyokaa nyuma ya mgongo wa dereva. Kwa nguvu za farasi saluni ile haikuwa na haki ya kuwa mbele ya magari hayo. Iliwashinda kwa sababu ya kile nilichokieleza hapo juu, springi ndefu zenye nafasi ya kucheza, magurudumu ya nyuma yanayojitegemea, na bodi inayovumilia kupigwa siku nzima. Kama makala ilitaka mfano mmoja wa kuonyesha faida ya nyuma ya 504, mfano ulikuwa huu, nao haukutajwa.

Ushindi wa mwaka 1978, kwa upande mwingine, ningeutoa kabisa katika ulinganisho huu. Gari alilolitumia Jean-Pierre Nicolas lilikuwa 504 Coupé, gari la milango miwili ambalo bodi yake ilijengwa na Pininfarina nchini Italia, lenye injini ya silinda sita ya sentimita za ujazo 2664 na umbali wa milimita 2550 tu kati ya ekseli, mfupi hata kuliko wa 404. Lilikuwa gari bora, lakini kulihesabu kama ushindi wa gari ambalo babu zetu walilitumia kubebea kahawa ni kulipa jina sifa ambayo ni ya mtambo mwingine. Ukiliondoa, hesabu inakuwa nne kwa moja, na bado haisemi kwamba 404 ilikuwa gari bora zaidi, kwa sababu magari haya hayakukutana na wapinzani wale wale wala kanuni zile zile.

Mambo mengine katika jedwali sina haja ya kukaa nayo sana. Breki za 404 zilikuwa drami magurudumu yote hadi diski zilipowekwa mbele mwaka 1968, na kwa mteremko mrefu wa Bonde la Ufa tofauti hiyo ni kubwa kuliko farasi kumi. Tuzo ya gari la mwaka la Ulaya, ambayo makala inailaumu 404 kwa kutoipata, ilianza kutolewa mwaka 1964, wakati 404 ilikuwa na miaka minne sokoni. Na kuhusu sura, ni kweli kwamba 404 ilichorwa na Pininfarina kama 504, lakini nyumba hiyo hiyo iliwachorea Waingereza Morris Oxford na Austin Cambridge za miaka ile, ndiyo sababu wasomaji wenu wengine hudhani wameiona 404 kwenye picha za zamani za Dar es Salaam, kumbe wameona gari la Kiingereza. Dizeli ingestahili zaidi ya mstari mmoja iliyopewa, kwa sababu 504 ya dizeli, kwanza ya sentimita za ujazo 2112 na baadaye 2304, ilikuwa na farasi 65 au 70 tu na ilipanda mlima kwa subira ya ngamia, lakini iliyalisha maisha ya wenye teksi wengi kuliko injeksheni yoyote. Injeksheni ya Kugelfischer ilipoharibika mbali na mji mkubwa, mara nyingi iling'olewa na kabureta ikawekwa mahali pake, na hapo tarakimu zote za kijitabu zikaishia.

Ninayaandika haya kwa sababu ya wasomaji wanaotaka kununua, maana makala ilimalizia kwa kuwashauri wachague 404 kwa nguvu au 504 kwa ulaini. Magari ya 504 yaliyobaki Kenya hayakutoka yote Ufaransa, kwa kuwa mengi yaliunganishwa Mombasa, na uunganishaji uliendelea hadi miaka ya mwanzo ya karne hii, muda mrefu baada ya saluni kuachwa kutengenezwa Ufaransa mwaka 1983. Mnunuzi asikubali kuambiwa tu kwamba ni 504. Alale chini ya gari aangalie kama difu imefungwa kwenye bodi na mikono ya mshazari ipo, au kama ni ekseli nzima. Asome namba ya injini ajue kama ni 1796 au 1971. Na kama ni 404, aulize ni oili gani iliyowekwa kwenye difu na nani aliyeiweka, kisha afungue kizibo cha chini na kuangalia kama oili inatoka na vumbi la rangi ya dhahabu, kwa sababu hiyo ni shaba inayolika, na difu ya namna hiyo haipatikani tena kwa muuza spea wa kawaida.

Nawaomba, kama mtalichapa tena jedwali hilo, mlipe safu tano badala ya mbili: 404 ya saluni, 404 Familiale, 504 ya saluni yenye magurudumu ya nyuma yanayojitegemea, 504 yenye ekseli nzima, na pikapu. Juu ya safu ya nguvu mwandike kama ni SAE au DIN, na kando ya ushindi wa mwaka 1978 muweke alama inayosema kwamba lilikuwa Coupé la silinda sita.

Wenu katika ufundi,

Fundi mstaafu,
Moshi